Usukani wa gari dogo la rimoti unapogoma: kutafuta chanzo kabla ya kununua sevo nyingine

Sevo ni kifaa kidogo chenye mota kinachogeuza magurudumu ya mbele. Nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba zimekufa huwa bado nzima, na hitilafu iliyozishinda hubaki ndani ya gari ikiisubiri sevo mpya. Jambo hili huonekana zaidi kwenye magari madogo ya kukwea mawe, yale ya kipimo cha 1/24 kama Axial SCX24 na ya 1/18 kama Traxxas TRX-4M. Difu za magari haya zimefungwa ili magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa pamoja, tairi zake ni laini na hung'ang'ania jiwe, na mara nyingi mwenyewe huwa ameongeza vizito vya shaba kwenye ekseli ya mbele ili gari lisipinduke mlimani. Mizigo hiyo yote huishia kwenye kifaa kimoja chenye uzito wa gramu chache. Sevo inayogeuza bila shida kwenye vigae vya sebuleni hushindwa pale tairi inapobanwa kwenye ufa wa miamba ya matumbawe ya Mama Ngina hapa Mombasa, nayo hulaumiwa peke yake.

Ndani ya sevo mna mota ndogo, msururu wa gia, potensiometa (kipande kinachoonyesha shafti imegeuka kiasi gani) iliyounganishwa na shafti ya kutokea, na ubao wa saketi. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya gari, hutuma mpigo wa umeme takriban kila milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni katikati, na mipigo inayokaribia milisekunde 1 au 2 ni kona za pande mbili. Ubao huulinganisha mpigo huo na mahali potensiometa ilipo, kisha huisukuma mota mpaka viwili hivyo vilingane. Kwa hiyo sevo iliyozuiwa kufika ilikoamriwa haitulii: huendelea kuvuta umeme mwingi kadiri inavyoweza, mpaka kizuizi kiondoke au kitu kiungue. Karibu dalili zote zinazofuata zinatokana na jambo hili moja.

Jaribio la kwanza: tenganisha rodi na mkono wa sevo

Kabla ya kugusa mipangilio ya rimoti, liweke gari juu ya kopo au kipande cha mbao ili magurudumu ya mbele yaning'inie, kisha fungua skrubu inayoshika rodi (fimbo inayosukuma magurudumu) kwenye mkono wa sevo, yaani kipande kilichofungwa kwenye shafti yake. Sasa una vitu viwili vinavyoweza kuchunguzwa kila kimoja peke yake. Zungusha magurudumu kwa kidole kutoka kona hadi kona. Yanapaswa kwenda bila kukwama mahali popote, na tairodi isiguse chombo cha difu wala sahani ya chini. Baada ya hapo washa rimoti kwanza, kisha gari, na uichezeshe sevo ikiwa haina mzigo wowote.

Ikiwa sevo inakwenda vizuri lakini magurudumu ni mazito, tatizo ni la vyuma na plastiki, na hakuna sevo itakayolimaliza isipokuwa kwa kulificha kwa muda. Ikiwa magurudumu ni mepesi na sevo inayumba hata ikiwa tupu, chanzo ni umeme, mawimbi ya rimoti, au sevo yenyewe. Iwapo pande zote mbili ni nzuri zikiwa mbalimbali na zinagombana zikiunganishwa, mara nyingi kosa liko kwenye urefu wa rodi au kwenye vikomo vya mwendo. Kazi hii ni ya skrubu moja tu, na nashangaa ni wangapi huagiza sevo kutoka Nairobi kwa basi la usiku kabla ya kuifanya.

Inageuza mezani, inashindwa kwenye mawe

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana sana kwa nje.

Anza na ukavu na ubanaji. Mchanga wa pwani una chembe za matumbawe na kombe, nao huingia kwenye bushi za viwiko vya magurudumu (vipande vinavyoshika magurudumu na kugeuka nayo) na kwenye boljointi za rodi. Fungua kiwiko, futa, na ubadilishe bushi zilizolika kwa beringi ndogo kama zinapatikana. Usipake grisi nzito mahali palipo wazi, kwa kuwa itakamata mchanga zaidi. Angalia pia skrubu za kiwiko: zikikazwa kupita kiasi, kiwiko hubanwa hata kama kila kitu ni kipya.

Chanzo cha pili ni urefu wa mkono wa sevo. Nguvu ya sevo huandikwa kwa kilo-sentimita, yaani mzigo ambao sevo inaweza kuuvuta ukiwa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Sevo ya kilo-sentimita 2 ikifungwa rodi kwenye tundu lililo sentimita 1.6 kutoka katikati, inavuta kilo 1.25 tu. Ukiihamishia rodi hiyo kwenye tundu la sentimita 1, unapata kilo 2 kamili bila kununua chochote. Bei yake ni kwamba rodi itasafiri umbali mfupi zaidi, kwa hiyo ni lazima uangalie kama magurudumu bado yanafika mwisho wa kona. Watu wengi huchagua tundu la nje kabisa wakidhani mkono mrefu una nguvu zaidi, kama spana ndefu. Spana inasukumwa kwenye ncha, ilhali mkono wa sevo unasukumwa kutoka katikati.

Chanzo cha tatu ni umeme usiotosha, ambao nitaueleza kwa kirefu katika sehemu inayofuata.

Cha nne, na cha mwisho kushukiwa, ni kwamba sevo ni dhaifu kweli. Sevo ndogo za Tower Pro zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki kwa ajili ya miradi ya wanafunzi ni kipimo kizuri cha kulinganishia: SG90 yenye gia za plastiki ina gramu 9 na hutajwa kuwa na kilo-sentimita 1.8 kwenye volti 4.8, na MG90S yenye gia za chuma ina takriban gramu 13 na hutajwa kuwa na 1.8 kwenye volti 4.8 na 2.2 kwenye volti 6. Upande wa magari ya 1/10 kuna MG996R, gramu 55, kilo-sentimita 9.4 kwenye volti 4.8 na 11 kwenye volti 6. Nakala nyingi za sevo hizi haziifikii namba iliyoandikwa ubavuni, na mkono wako utakuambia ukweli kuliko karatasi: shika mkono wa sevo kwa koleo lililofungwa kitambaa, geuza rimoti kwa muda mfupi, na uhisi kama inasukuma au inanung'unika tu.

Gari linazimika au taa ya risiva inapepesa unapokata kona

Dalili hii mara chache sana ni kosa la sevo. Katika magari mengi madogo, kidhibiti mwendo na risiva ni ubao mmoja, na ndani yake mna saketi ndogo inayoshusha volti za betri kufikia 5 au 6 kwa ajili ya risiva na sevo. Saketi hiyo ina kiwango chake cha ampea. Hata katika magari ya 1/10 nyingi hutoa ampea 2 au 3 tu. MG996R iliyokwama kwenye volti 6 huvuta takriban ampea 2.5 peke yake. Mota ya sevo inapozuiwa, volti hushuka ghafla, risiva hukosa chakula, hujizima na kuwaka upya, na ndani ya sekunde hiyo gari halina dereva. Mtu hudhani rimoti inapoteza mawasiliano, akaanza kusogeza antena huku na huku.

Kuna njia rahisi ya kuthibitisha. Weka testa kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu, gusa pini ya kati na ya hasi kwenye tundu tupu la risiva, kisha geuza usukani huku umeyashika magurudumu kwa mkono. Ikiwa usomaji unatoka 5.8 na kuporomoka hadi karibu na 4, umempata mkosaji. Ukumbuke hata hivyo kwamba testa za kawaida ni za polepole, zikakosa kuona mporomoko wa ghafla, kwa hiyo usomaji mzuri hauondoi shaka yote.

Jaribio lenye nguvu zaidi linahitaji kishikio cha betri nne mpya za AA, ambazo kwa pamoja hutoa volti 6. Chomoa waya mwekundu wa sevo kutoka kwenye plagi yake kwa kuinua ulimi mdogo wa plastiki kwa sindano, uunganishe na chanya ya kishikio, na uunganishe hasi ya kishikio na waya mweusi au wa kahawia wa gari. Waya wa mawimbi, ambao huwa mweupe, wa manjano au wa rangi ya machungwa, unabaki kwenye risiva. Hasi zote lazima ziungane, la sivyo sevo haitaelewa mpigo hata kidogo. Na chanya ya kishikio isiguse chanya ya risiva, kwa sababu utakuwa umezigonganisha njia mbili za umeme. Sevo iliyokuwa dhaifu ikipata nguvu kwa mpango huu, iachie sevo hiyo heshima yake. Kinachotakiwa ni kishushio cha volti cha nje, kilichofungwa kwenye betri kuu na kuilisha sevo kwa mpango uleule wa waya.

Kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi, ya volti 16, iliyolehemiwa kati ya chanya na hasi karibu na risiva, husaidia kwa mishtuko mifupi. Haisaidii pale sevo inapobanwa kwa sekunde tatu mfululizo chini ya jiwe. Wauzaji huisifu kupita inavyostahili.

Usisahau betri yenyewe. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 2 huwa na volti 8.4 ikijaa na 7.4 kwa wastani. Iliyozeeka au kuvimba hushuka mara tu mota ya kuendesha na sevo zinapovuta pamoja. Jaribu kwa betri nyingine kabla ya kununua chochote. Na iliyovimba isichajiwe tena.

Inavuma na kupata joto mwisho wa kona

Ukigeuza hadi mwisho na kusikia mvumo usiokoma, sevo inajaribu kupita mahali ambapo kiwiko cha gurudumu tayari kimegonga kizuizi chake. Baada ya dakika chache ganda lake huwa la moto, na kwa jua la saa saba mchana hapa Mombasa joto hilo halina pa kwenda. Sevo nyingi ndogo huungulia hapa, wala si kwenye jiwe.

Rimoti nzuri zina mpangilio wa kikomo cha mwendo kwa kila upande. Vipunguze vikomo vyote hadi karibu nusu, geuza rimoti hadi mwisho, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka gurudumu lifike kikomo chake. Mvumo ukianza, rudi nyuma kidogo mpaka unyamaze. Fanya hivyo kulia, halafu kushoto, kila upande kwa namba yake, kwa kuwa mara chache zitalingana. Rimoti zisizo na mpangilio huo huwa na kitasa kimoja cha kupunguza pande zote mbili, nacho kinatosha iwapo mkono wa sevo umefungwa katikati sawasawa.

Mvumo mdogo gari likiwa limesimama na magurudumu yamenyooka ni jambo jingine. Sevo za kidijitali husahihisha mahali pake mara nyingi zaidi kwa sekunde kuliko zile za zamani, na husikika zikiimba taratibu chini ya uzito wa gari. Ukiliinua gari na wimbo ukanyamaza, acha.

Inatetemeka ikiwa imetulia

Itenganishe na rodi. Mtetemo ukiisha, basi sevo ilikuwa ikipigana na ubanaji mdogo karibu na katikati. Mtetemo ukibaki, chezesha waya karibu na plagi na mahali unapoingia kwenye ganda, kwani huko ndiko nyuzi hukatika ndani kwa ndani. Kisha angalia kama mtetemo unakuja tu wakati mota ya kuendesha inafanya kazi. Hapo ni kelele ya umeme kutoka kwenye brashi, na kuutenga waya wa sevo mbali na nyaya za mota huipunguza.

Ikiwa sevo inatetemeka sehemu moja tu ya mzunguko wake, kwa kawaida katikati, potensiometa imelika. Magari haya hukaa na magurudumu yamenyooka muda mwingi, hivyo katikati ndipo panapoisha kwanza. Dawa ya kusafishia vigusio vya umeme huirudisha kwa muda. Kwa sevo ndogo ya bei nafuu sioni haja ya kuifungua.

Hairudi katikati, au kona moja ni kubwa kuliko nyingine

Hapa kuna utaratibu mmoja unaopaswa kufuatwa kwa mfuatano wake, kwa sababu wengi huanzia mwisho. Ondoa mkono wa sevo. Sifurisha trimu zote kwenye rimoti, yaani vitufe vya kusahihisha katikati kidogo kidogo. Washa, uiache sevo ijipeleke katikati, na urudishe mkono ukiwa wima kadiri meno ya shafti yanavyoruhusu. Mkono hautakaa wima kabisa, kwa kuwa meno hayagawanyiki upendavyo. Tofauti iliyobaki imalize kwa trimu. Mwisho kabisa, rekebisha urefu wa rodi kwa kuzungusha vichwa vyake mpaka magurudumu yanyooke. Mtu anayenyoosha magurudumu kwa trimu peke yake huwa ameila nafasi ya upande mmoja, ndipo kona ya kushoto inapokuwa pana na ya kulia finyu.

Kama katikati panahama kila baada ya kugonga jiwe, shika mkono wa sevo usisogee na ulitikise gurudumu. Ikiwa mkono umetulia na gurudumu linacheza, boljointi zimelegea. Ikiwa sevo nzima inainama, kishikio chake cha plastiki kinapinda, na sevo yenye nguvu zaidi itakipinda zaidi. Na kama mkono una springi ya kinga ndani yake, springi hiyo ndiyo inayonyumbuka. Kwenye magari ya kukwea huondolewa na kuwekwa mkono mgumu, kwa masharti kwamba gia za sevo ni za chuma.

Inatoa mlio wa kukereza, au kimya kabisa

Mlio wa kukereza huku mota ikizunguka na mkono hauendi ni meno ya gia yaliyokatika. Zungusha mkono polepole kwa vidole umeme ukiwa umezimwa. Utahisi mruko mahali palepale kila mara. Hakikisha kwanza kwamba meno yaliyolika si ya ndani ya mkono wa plastiki, kwa kuwa mlio ni uleule na mkono ni wa bei ndogo.

Sevo iliyo kimya ijaribiwe kwenye risiva nyingine, au sevo nyingine unayojua inafanya kazi iwekwe mahali pake. Kabla ya hapo tazama kama plagi haikuchomekwa kinyume.

Unapoamua kuibadilisha

Hesabu waya kabla ya kulipa. Baadhi ya magari ya bei nafuu hutumia sevo ya waya 5, mbili za mota na tatu za potensiometa, kwa sababu ubao wake wa akili uko kwenye risiva. Sevo ya kawaida ya waya 3 haiwezi kufanya kazi hapo mpaka risiva ibadilishwe, na mara nyingi rimoti nayo.

Halafu hesabu meno ya shafti. Sevo za ukubwa wa kawaida zinazofuata mpango wa Futaba zina meno 25, za Hitec 24, na za JR 23. Mkono wa meno 25 hulazimika kuingia kwenye shafti ya 24 kwa kukazwa, kisha hukereza meno yote kwenye jiwe la kwanza. Sevo ndogo hazina mpango mmoja, kwa hiyo nunua mkono pamoja na sevo yake. Skrubu ya mkono nayo isiwe ndefu kuliko iliyokuja nayo, kwani ikigonga chini ya tundu huuacha mkono ukilegea hata baada ya kukazwa kwa nguvu zote.

Soma volti. Sevo ya mwisho wa volti 6 ikiunganishwa moja kwa moja na lipo ya seli 2 iliyojaa, itapata 8.4 na kuungua. Sevo zinazoruhusu 8.4 zipo, nazo ndizo zinazokuondolea kishushio cha nje, ila ziwe zimeandikwa hivyo waziwazi.

Chumvi

Kwa wanaochezea Nyali, Bamburi au Shelly Beach, sevo ya gia za chuma iliyolowa maji ya bahari haina siku nyingi. Kuandikwa kwamba haiingizi maji kunahusu maji, wala hakuizuii chumvi kula pini za plagi nje ya ganda. Baada ya kutoka ufukweni chomoa betri, suuza sehemu ya mbele kwa maji matamu, futa, na pini zilizogeuka kijani zisafishwe kwa spiriti na mswaki wa zamani. Tone la grisi nyepesi kwenye shingo ya shafti, chini ya mkono, huzuia unyevu kupita hapo.

Mkono wa alumini uliokaa miezi kadhaa kwenye shafti ya chuma penye chumvi huganda. Usiung'oe kwa kuuyumbisha upande mmoja, kwa sababu utapinda shafti na kuvunja gia ya mwisho. Toa skrubu, weka mafuta ya cherehani kwenye tundu lake, yaache yaloweke usiku kucha, kisha uinue mkono kwa bisibisi bapa mbili zilizowekwa pande mbili zinazoelekeana, chini kabisa karibu na shafti. Ukitoka, safisha meno kwa mswaki na upake grisi kidogo kabla ya kuurudisha.